Kosa la Kituo cha Saba

Kwa miaka thelathini na minane Wendell Trezona alikuwa mpimaji wa ardhi wa wilaya, kule juu Michigan kwenye nchi ya shaba, ambako theluji huanza Novemba na ikifika Januari watu hawaisemi tena. Ukigombana na jirani kuhusu mpaka, unamwita Trezona. Anakuja na mabuti yake, anasimika chombo chake, hamsemeshi mtu, na pale atakapopigilia kigingi ndipo mpaka ulipo, na ugomvi umekwisha. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumpeleka mahakamani. Alioa mara moja tu, akamwoa Thirza, binti wa mwoka mikate. Alifikisha miaka sabini bila kitambi na bila jambo la kuandikwa gazetini, isipokuwa moja: alikuwa mmoja wa vijana saba walioanzisha Udugu wa Timazi.

Udugu huo ulizaliwa Machi 1909, chumba cha juu cha duka la mikate la baba yake Thirza. Siku hizo pale chuo cha migodi vilikuwepo vyama vya wanafunzi vyenye majina ya Kigiriki, vya vijana ambao baba zao walikuwa mameneja na mawakili. Vyama hivyo havikuwa na haja na kijana anayeingia darasani na tope la mgodini kwenye kola. Walishawahi kumfungia mlango Wendell usoni, maana mama yake mjane alikuwa akiwafulia nguo. Basi wale saba, wote wa uhandisi, wote wenye tope, wakasema: potelea mbali, tutakuwa na chetu. Wakachagua timazi, ule uzito wa uzini anaopimia fundi kama ukuta umenyooka, iwe alama yao. Timazi haina baba wala kabila. Ukiining'iniza inaelekea chini, basi.

Udugu ulikua. Mwaka 1924 walinunua nyumba. Kufikia 1958 ndugu walikuwa zaidi ya mia sita, wametapakaa kwenye madaraja na mabwawa ya nchi nzima, na kila Machi waliokuwa karibu walirudi kwa ajili ya mkutano mkuu. Mkutano wenyewe ulikuwa na desturi ambayo wageni hawakuielewa kabisa. Timazi ya chuma, nzito kama kichwa cha nyundo, ilining'inizwa kutoka darini, ncha yake juu ya msumari uliopigiliwa sakafuni. Kila ndugu, awe mwanafunzi au mhandisi mwenye mvi, alitoka mbele, akaivuta timazi pembeni, akaiachia. Ilipokuwa inayumba alitaja kosa lake la mwaka ule. La kazi, si la kanisani. Kisha alisimama akingoja mpaka timazi itulie juu ya msumari, na chumba kizima kimya. Ikitulia, wote wanasema kwa pamoja, "Tumesikia," naye anakwenda kukaa. Yametajwa mengi pale. Mmoja aliagiza bolti mia nne za kufungwa kwa kuzungushwa kushoto. Mwingine alichora daraja, nguzo za ukingo akaziweka katikati ya barabara.

"Chama cha wanaume wanaokiri makosa yote ila ya nyumbani," Thirza alizoea kusema. Wanawake hawakuruhusiwa kuingia, lakini mikate ya mkutano ilitoka jikoni kwake, kwa hiyo alikuwa na haki ya kusema atakalo.

Sheria ya Udugu ilikuwa moja, na aliyeiandika kwa mkono wake ni Wendell, katibu wa kwanza: anayekosea ni ndugu yetu, anayeficha kosa afutwe. Na katika miaka hamsini alifutwa mtu mmoja tu. Aliitwa Arvo Kinnunen.

Kila mwanachama mpya alisimuliwa habari za Kinnunen kabla hajala kiapo. Zilisimuliwa hivi. Msimu wa kwanza wa Udugu, Oktoba 1909, mgodi mmoja wa pale jirani uliwapa wanafunzi kazi ya kupima njia ya chini kwa chini, ili wachimbaji waanze kutoka mashimo mawili na kukutana katikati. Waliotumwa ni Kinnunen na Trezona, wote wawili wa wale saba. Wakapima vituo ishirini na viwili kwa mwanga wa mishumaa, wakipokezana chombo bila zamu maalumu, na kila aliyesoma pembe akaandika herufi za jina lake kitabuni kando ya namba. Wachimbaji wakachimba. Siku ya kukutana ilipofika hawakukutana. Walisikia nyundo za wenzao, lakini ubavuni, si mbele. Walikuwa wamepishana kwa futi kumi na moja za mwamba mgumu. Kosa likatafutwa, likapatikana kituo cha saba, mahali pekee pasipokuwa na herufi za mtu. Ndipo ikajulikana kwamba Kinnunen ndiye aliyesoma, na hakutia herufi zake makusudi ili asishikwe. Akafutwa kwa kura za wote.

Ili njia ziungane ilibidi wakate kona, na reli ikapinda pale, na mabehewa ya mawe yakawa yanaruka reli kila siku ya Mungu. Wachimbaji waliiita Kona ya Kinnunen. Lakini kuna jambo ambalo wanachama wapya hawakusimuliwa: baba yake Arvo alikuwa msukuma mabehewa katika mgodi uleule. Miaka tisa, mpaka mgongo ulipomwisha, yule mzee alisukuma behewa kwenye kona yenye jina la mwanawe.

Na kuna jambo jingine. Aliyesoma kituo cha saba ni Wendell Trezona.

Alikumbuka vizuri kabisa, kwa sababu nta ya mshumaa ilimdondokea kwenye kidole gumba wakati ameinama kusoma. Duara la chombo kile lilikuwa limegawanywa kwa nusu nusu digrii. Digrii moja ni dakika sitini; alama ikishapita nusu, lazima uongeze dakika thelathini juu ya hesabu yako, na kila mpimaji duniani amewahi kusahau kuziongeza walau mara moja. Wendell aliungua, akatukana, akasoma dakika kumi na mbili badala ya arobaini na mbili, maji yakazima mshumaa, wakahangaika na kiberiti, na herufi zikasahaulika. Si makusudi. Ni mambo ya gizani tu.

Mwalimu wao alipouliza, "Nani alisoma cha saba?" vijana wawili wale walikuwa wamesimama bega kwa bega. Wendell alikuwa akisomeshwa kwa fedha za kampuni ya mgodi. Alimwona mama yake akifua. Arvo, ambaye hakuwa na uongo mwilini, alikunja uso akajaribu kukumbuka, akasema, "Sikumbuki, mwalimu." Hapo Wendell akasema maneno mawili. Hakusema zaidi ya hayo, na kwa miaka hamsini alijitetea nayo kitandani.

"Nadhani Arvo."

Na Arvo akamgeukia, akamtazama rafiki yake aliyekuwa akimwamini kuliko macho yake mwenyewe, akasema, "Basi labda ni mimi."

Juma lile lile akaacha chuo. Hakugombana na mtu.

*

Vuli ya 1958 rais wa Udugu, kijana mrefu aitwaye Dale Hokanson, alimjia Trezona nyumbani akiwa na karatasi mkononi na theluji kwenye kofia.

"Mzee Trezona, tunatimiza hamsini Machi. Tunataka kitabu. Historia yetu yote. Na wewe ndiye uliyebaki kati ya wale saba."

"Si mimi peke yangu," Wendell alisema.

"Kwani yupo nani mwingine?"

Wendell alikohoa. "Nitaandika," akasema.

Akaandika. Sura ya duka la mikate ilimtoka kwa siku mbili. Ile ya nyumba ya 1924 aliiandika huku anacheka peke yake, kwa sababu wahandisi ishirini walikuwa wamepima ngazi na wote wakasahau mlango. Alipofika kwa Kinnunen, kalamu ikagoma. Aliandika, akachana. Akaandika tena, akatia kwenye jiko. Thirza alikuwa anaona, akawa anampelekea chai tu.

Desemba wakamwalika kula na wanachama wapya. Baada ya chakula vijana walicheza mchezo wao wa kila mwaka. Mmoja alivaa sufuria kichwani kama kofia ya mgodini, akajifanya mwenye makengeza, akatembea akigonga kuta na kuongea Kiingereza cha kupinda kama Mfini, mhamiaji wa Finland, aliyeshuka melini jana. "Mimi hapana jua nani soma! Labda ni mbuzi!" Ukumbi ukavunjika mbavu. "Usiwe Kinnunen!" wakapiga kelele wote, wakigonga meza.

"Amemweza Kinnunen, siyo Mzee?" Dale alimwambia, machozi ya kicheko yakimtoka. "Huyo ni Rautio. Tumempa yeye kwa sababu ni Mfini mwenyewe."

Kijana Rautio naye alikuwa anacheka. Alicheka kwa nguvu kuliko wote, kama anavyocheka mtu asiyetaka kuulizwa kitu. Wendell aliitazama ile sufuria, akaona aibu mpaka masikio yakamwasha. Aliondoka bila kumaliza pai yake.

Thirza alimkuta jikoni amekaa na koti bado mwilini.

"Haya. Sema sasa," alimwambia. "Mwezi mzima unachoma karatasi kwenye jiko langu."

Akamwambia. Ndiyo mara ya kwanza katika ndoa ya miaka arobaini na minne. Thirza hakupiga yowe wala hakulia. Alikaa, akafuta meza ambayo haikuwa na uchafu.

"Arvo alikuwa akija dukani kwetu," alisema mwishowe. "Alikuwa akinunua mkate wa zafarani kwa senti zake za mwisho, halafu ananipa nusu. Baba alimpenda. Siku alipoacha kuja niliuliza, ukaniambia amekosea kazi."

"Ndiyo."

"Ulinitazama usoni ukaniambia."

"Ndiyo, Thirza."

"Kumbe." Akainuka. "Anaishi wapi?"

"Ana shamba la viazi huko Misery Bay. Namwona mara moja moja sokoni. Tunasalimiana."

"Mnasalimiana! Una uso wa mbuzi wewe, Wendell. Nenda kesho."

"Nitasema mkutanoni Machi. Mbele ya wote. Hapo ndipo jina lake lilipochafuliwa."

"Mkutanoni watu mia watakushangaa. Huko shambani yupo mmoja tu. Unamwogopa nani zaidi? Mimi najua." Akamvua koti kwa nguvu, akalitundika. "Nenda kwake kwanza."

Hakwenda. Januari alisema barabara mbaya. Februari alisema gari halishiki moto. Thirza aliacha kumsemesha mambo hayo, na ukimya wake ulikuwa mgumu kuuzoea.

*

Machi ukumbi ulijaa hadi ngazini. Walitoka Montana, walitoka Pittsburgh, mmoja alitoka Chile. Makosa yakatajwa, timazi ikayumba na kutulia, yumba na kutulia, "Tumesikia," "Tumesikia." Zamu ya Wendell iliachwa ya mwisho kwa heshima. Alipoinuka walimpigia makofi, jambo ambalo si desturi.

Akaivuta timazi, akaiachia.

"Kosa langu ni la Oktoba 1909," alisema. "Kituo cha saba nilisoma mimi. Nilisahau nusu digrii. Nilijua usiku ule wachimbaji walipopishana, nilipopiga hesabu upya. Kisha nikamtaja Arvo Kinnunen, na nikaandika sheria, na nikahesabu kura za kumfuta kwa mkono huu."

Timazi ilichukua muda. Mtu mzima anaweza kufa mara mbili katika muda ule. Ilipotulia, ile "Tumesikia" haikuja. Halafu mtu mmoja nyuma, mzee wa madaraja, akaanza kupiga makofi taratibu, na wengine wakafuata, na Dale akaja akamshika bega, macho yanang'aa.

"Ndugu zangu, mmeona? Huyu ndiye Timazi! Mzee wetu anataka kubeba mzigo wa marehemu ili tusherehekee kwa moyo safi!"

"Hajafa," Wendell alisema.

"Mzee?"

"Kinnunen hajafa. Na mimi simbebei mtu kitu. Keti, kijana, unisikilize, usinifanye malaika." Sauti ilimpanda mpaka ikapasuka. "Nimewaambia nimeficha kosa miaka hamsini. Kuna sheria. Isomeni."

Dale akafungua daftari la Udugu, akausoma ukurasa wa kwanza, na alipofika kwenye "afutwe" sauti yake ilikuwa ya mtoto. Wakajadiliana saa nzima. Wengine walisema mzee kama huyu aachwe. Wengine walisema sheria ni sheria. Aliyekata mzizi wa fitina ni Rautio, yule wa sufuria, ambaye wala hakuwa na haki ya kusema siku ile, kwa kuwa alikuwa bado hajala kiapo.

"Mimi nimevaa sufuria kichwani kwa ajili ya uongo," alisema. "Baba yangu aliniuliza Krismasi tunafanya nini humu, nikaona haya kumwambia. Kama yule alifutwa, na huyu afutwe. La sivyo mimi naondoka leo."

Kura zikapigwa. Arvo Kinnunen alirudishwa, ndugu namba nne. Mstari ukapigwa juu ya ndugu namba tatu, Trezona, na Wendell mwenyewe akawakopesha kalamu. Alitoka nje kwenye theluji akijisikia mwepesi, jamani, mwepesi wa ajabu, kiasi kwamba nusura apige mluzi. Alimwambia Thirza yote. Thirza alimsikiliza akiwa na mikono kwenye unga.

"Vizuri," alisema. "Sasa nenda kwake."

*

Alikwenda asubuhi yake. Arvo alikuwa uani anarekebisha ubao wa ghala la viazi, mzee mpana, kichwa kimejaa mvi, nyusi bado za manjano. Wakaingia ndani, Arvo akachemsha kahawa. Kwa Wafini hakuna habari inayoanza kabla ya kahawa, na hapo Wendell alishukuru kupata muda.

"Umerudishwa, Arvo," alianza. "Kwenye Udugu. Namba nne. Jana wamepiga kura."

"Udugu upi?" Arvo aliuliza. Kisha akakumbuka. "Aa. Ile ya juu ya duka la mikate. Kwani bado ipo?"

Wendell alikuwa amejiandaa kwa ngumi. Alikuwa amejiandaa kwa machozi. Kwa hilo hakuwa amejiandaa. Ikambidi aseme lote kuanzia mwanzo: nta, kidole, nusu digrii, "nadhani." Alisema akitazama kikombe. Alipoinua macho Arvo alikuwa ameshika rula yake ya mbao, ile ya kukunja, anaifungua na kuifunga.

"Ngoja," Arvo alisema. "Ngoja kwanza. Cha saba ulisoma wewe."

"Mimi."

"Na vile nilivyosoma mimi?"

"Vilikuwa kumi na kimoja. Tulivipima upya na mwalimu baada ya wewe kuondoka. Vyote sawasawa. Safi kuliko vyangu."

"Kwa hiyo mimi sikukosea."

"Hukukosea."

"Hata kimoja."

"Hata kimoja, Arvo."

Arvo aliinuka akaenda dirishani, akasimama ameupa mgongo mlango. Wendell aliona mabega yake yanapanda na kushuka, na hakuthubutu kusogea.

"Unajua mimi ubao napima mara ngapi?" Arvo alisema bila kugeuka. "Mara nne. Halafu nilikuwa namwita Aili aje apime. Mke wangu, marehemu. Alikuwa akinicheka, anaacha mkate wake jikoni anakuja kushika rula. Mizani ya ushirika walitaka niisimamie mimi, nikakataa. Nikawaambia macho yangu si ya kuaminika. Kule mgodini ningeweza kuua mtu. Baba aliniambia si kitu, mwanangu, kona ni kona tu, naisukuma. Amekufa akiniambia si kitu."

"Nisamehe," Wendell alisema.

"Subiri. Sijamaliza." Sasa aligeuka, na uso wake ulikuwa umelowa wote, hakuujali. "Nina mtoto, Reino. Hesabu zilikuwa kama maji kwake. Alipomaliza shule walimu walikuja hapa, kwenye kiti hicho ulichokalia, wakasema apelekwe chuo, awe mhandisi. Nikakataa. Alilia, kijana wa miaka kumi na nane, mbele ya walimu wake. Nikamwambia, sisi akina Kinnunen hatuna macho ya kazi hiyo, utakuja kupata aibu kama yangu. Miaka ishirini na minne imepita. Hajanisemesha vizuri mpaka leo. Anapakia magogo msituni."

Wendell aliinuka, akatafuta kofia yake, hakujua anaitafutia nini. "Nitaondoka, Arvo. Sina haki ya kukaa hapa."

"Kaa chini."

"Arvo…"

"Nimesema kaa. Reino anarudi saa kumi. Mimi siwezi kumwambia, ataona nimemtungia hadithi uzeeni. Utamwambia wewe."

Saa ya ukutani ilikuwa saa tano kasoro robo. Arvo alimwagia Wendell kahawa nyingine, akakaa upande wa pili wa meza, na wazee wawili wakangoja.